Matundu ya Hewa Yaliyozibwa kwa Saruji

MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kama: Fundi Barafu
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 39
Kazi: Fundi wa majokofu
Makazi: Nyumba mpya ya vyumba vitatu, nyuma ya kiwanda cha matofali
Tarehe ya maelezo: 20 Februari, saa 3:15 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naeleza kwa hiari yangu na nina akili zangu timamu, hata kama kaka yangu amekwisha kuwaambia kwamba joto lilinipanda kichwani.

Mtuhumiwa ni kaka yangu wa tumbo moja. Anauza matairi, lakini anapenda kuitwa Injinia. Nyumba hiyo tulikuwa tunaijenga kwa mikono yetu ili mama yetu, mwenye pumu, ahame chumba cha kupanga.

Mnamo tarehe 8 Februari, saa 4 asubuhi, tulikaa juu ya mbao sebuleni tukapanga habari ya paa. Walikuwepo mama na fundi seremala. Mimi nilitaka pamba ya kioo itandikwe juu ya dari kuzuia joto, matundu ya hewa yakae chini ya ukingo wa paa pande zote mbili, na mengine juu kabisa karibu na kofia ya bati inayofunika kilele cha paa, ili hewa ya baridi iingilie chini na ya moto itokee juu. Kaka alitaka kila kitu kizibwe. Alisema matundu ni mlango wa panya na vumbi. Nikamwambia panya watazuiwa na wavu, na bati likipigwa na jua bila hewa kupita, darini panakuwa tanuri. Akacheka: "Nyumba ipumue? Kwani ina mapafu?" Nikamjibu mwenye mapafu ni mama. Seremala akaniunga mkono. Mama akamwambia, "Fanya anavyosema mdogo wako." Kaka akatoka nje bila kubishana. Namjua, akiacha kubishana, ujue ameweka kinyongo.

Tarehe 16 mama alihamia, nyumba ikiwa imekamilika nilivyotaka. Siku hiyo hiyo nilisafiri kwenda kutengeneza chumba cha baridi cha machinjio, nikarudi tarehe 19, saa 8 mchana.

Nilimkuta mama amekaa sakafuni chumbani kwake, anavuta hewa kwa mabega. Kipimajoto changu cha kazi kilisoma nyuzi 38. Nilimpa dawa yake ya kuvuta, nikamtoa hadi kibarazani kwa jirani, ambaye hakuwepo. Ndipo nilipotazama juu. Matundu ya chini yote yalikuwa yamezibwa kwa saruji, yakalainishwa na kupakwa rangi. Ya juu yalifunikwa kwa bati. Mama akasema, "Kaka yako aliniambia mmekubaliana."

Saa 8:40 nilichukua nyundo na patasi, nikapanda ngazi na kuingia darini kupitia mlango mdogo wa ukumbini. Nilitambaa hadi ukingoni nikaanza kugonga. Baada ya kama dakika kumi nilisikia sauti ya kaka chini: "Shuka! Nyumba hii ina mkubwa wake."

Nikasema, "Sishuki mpaka mama apate hewa."

Akasema, "Basi kaa nayo hiyo hewa yako."

Mlango wa darini ukafungwa. Nikasikia drili mara nne. Kisha ngazi ikaburuzwa.

Afande, umeniuliza kama inawezekana hakukusudia kunifungia. Skrubu moja ningesema bahati mbaya. Zilikuwa nne.

Dari ni ya mbao. Niliikanyaga kwa nguvu zangu zote, haikuachia. Tuliipigilia wenyewe, tena vizuri. Nilipiga kelele, kisha nikaacha, maana kila pumzi ilikuwa inaingiza vumbi la pamba kooni. Nikarudi kwenye saruji. Kipande kilipotoka niliweka mdomo kwenye tundu, lisilozidi kiganja. Kupitia hapo nilimwona kaka. Alikuwa amekaa kivulini juu ya mfuko wa saruji, anakunywa maji. Tulitazamana. Hakuinuka.

Saa 9:30 seremala alikuja kuchukua msumeno wake. Alisikia nyundo, akaweka ngazi, akafungua. Nilishushwa kama gunia. Nimeungua kiwiko na bega kwa bati. Fomu ya hospitali nimeikabidhi.

Kaka hajaomba radhi, na asijisumbue. Nikiwa nimelala ukumbini alisimama mlangoni akasema, "Umeiharibu rangi."

Leo njiani mama alinisihi niseme ni mtu tu, nisiseme ni kaka. Nimesema ni kaka. Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyapata, na nitayarudia mbele ya uso wake popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAANDISHI YA OFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akakubali kuwa ni sahihi na kuyatia saini saa 4:05 asubuhi. Wakati nikisoma, mlango ulikuwa wazi na mama yake alikuwa kwenye benchi nje. Aliingia akaomba naye aandikwe. Nilimweleza kwamba halazimishwi kutoa maelezo dhidi ya mwanawe. Alijibu: "Kibarazani nilikuwa nawasikia wote wawili. Nilimwita amfungulie mdogo wake, akaniambia nisiingilie. Nilimwita mara tatu. Andika mara tatu." Maelezo yake yanachukuliwa kwenye karatasi nyingine.