Sahani ya Gédéon

Kasongo, mwisho wa mwezi wa nane

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima nyingi, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta unapumua vizuri na kwamba lile goti linakuruhusu kufika shambani. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio una shida, na ndiyo sababu nimekaa kuandika. Namsalimu pia jirani yetu dada Véronique, ambaye najua ndiye anayekusomea. Véronique, kuna mahali humu patakuwa pagumu. Nakuomba usome kila neno, hata Mama akikuambia unyamaze.

Mzee Madhav amefariki. Ni yule Mhindi wa duka la vitambaa karibu na soko, niliyempikia miaka yote hii. Wewe ulikuwa unaniita mpishi wa majani, kwa sababu nyumbani kwake hapakuingia nyama, samaki wala yai. Sokoni walisema ni ubahili. Yeye alisema hawezi kula kitu kilichojaribu kumkimbia. Alikunywa chai yake ya mchana, akalala, hakuamka.

Mpwa wake alikuja toka Kindu na Wahindi wenzake, wakamchoma kwa kuni kando ya Lualaba, upande wa Nyangwe, maana kwao Wahindu mtu mzima hazikwi. Wengi hapa walikasirika. Mimi nilienda, ingawa niliogopa, kwa sababu sisi wa Kabambare moto tunaujua kwa njia nyingine, ule wa wenye silaha kuchoma nyumba. Lakini nilipomwona yule mpwa akilia huku anapanga kuni, nikaona ni mazishi kama mengine. Majivu waliyamwaga mtoni.

Nikueleze desturi moja ya mzee, kwa sababu yote yanatoka hapo. Kila siku, kabla mtu yeyote hajala, nilipaswa kutoa kijiko cha kwanza cha wali na kukiweka juu ya ukuta wa nyuma kwa ajili ya kunguru. Mwanzoni nilinung'unika, nikamwambia kwamba watoto wanapita na njaa wakati kunguru wanashiba. Akajibu kwamba watoto pia wapewe, na tangu hapo nikawa napika sufuria kubwa zaidi. Na mara moja kwa mwaka, mvua zikianza kurudi, alifinyanga matonge ya wali, moja kwa kila marehemu wake, akiwataja majina. Kwao kunguru ndiye mjumbe wa wafu. Akila, marehemu ameridhika. Asipokula, kuna jambo limemkwama huyo marehemu, na jamaa zake hukaa hapo wakimwahidi hili na lile mpaka ndege ashuke.

Kila mwaka aliniuliza kama kuna mtu wangu wa kutajwa. Kila mwaka nilimwambia hapana, kaka yangu hajafa. Habari ya Gédéon aliijua: jinsi wenye silaha walivyomkamata njiani na pikipiki yake wakambebesha mizigo, na jinsi mateka wenzake waliporudi walivyosema walimwacha msituni, mguu umeoza, hawezi tena kusimama. Alijua pia kwamba kila jioni unampakulia bugali na sombe, yale majani ya muhogo aliyoyapenda, unafunika kwa sahani nyingine, na asubuhi unakula mwenyewe chakula kikiwa baridi. Hakubishana nami. Siku moja tu aliniambia, kwa Kiswahili chake cha dukani: “Dieudonnée, mutu akiwa anaenda, usimushike nguo. Iko na safari.” Nilichukia, nikamtilia chumvi nyingi kwenye dengu. Alizimaliza zote, akashukuru.

Siku ya kumlisha yeye mwenyewe ilipofika, siku ya kumi baada ya kifo, mpwa wake alikuwa amekwisha kurudi Kindu. Kazi aliniachia mimi, kwa sababu nilijua mzee alivyoupenda wali wake. Nikapika, nikaweka tonge juu ya ukuta, nikamtaja jina. Kunguru alishuka hata sijarudisha mkono. Mzee hakuwa amebakiza neno na mtu.

Véronique, ni hapa. Soma polepole.

Mama, nilikuwa nimefinyanga matonge mawili. La pili nilimtaja Gédéon. Najua kwetu kumtaja mtu pamoja na wafu, wakati hakuna aliyeona maiti yake, ni kumwua kwa mdomo. Najua pia hukunituma. Nimechoka, Mama, sina sababu nyingine ya kukupa.

Kunguru hawakuligusa. Walikaa juu ya bati, wakaliangalia, wakageuza vichwa. Nami nikafurahi. Nikasema basi yuko hai, Mama hakukosea. Nilikaa pale nikiwaza jinsi nitakavyokuandikia habari hiyo. Jua likapanda, wali ukaanza kukauka, na ndipo nikakumbuka zile ahadi. Sikutaka kujaribu, lakini nilijaribu. Nilimwahidi Gédéon kwamba nitakutunza. Hawakushuka. Nilimwahidi kwamba mtoto atakayezaliwa kwetu tutampa jina lake. Hawakushuka. Mwishoni nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba Mama hatafunika tena sahani, na kwamba anaweza kwenda.

Mmoja akashuka.

Nilishika jiwe nimfukuze, Mama. Nililiinua kabisa. Kisha nikaliweka chini, nikamwacha ale mpaka punje ya mwisho.

Labda alikuwa na njaa tu. Pasta angeniambia hivyo, nawe ukisema hivyo sitabisha. Lakini nimetoa ahadi kwa jina lako bila kukuuliza, na kwa hilo naomba unisamehe. Nitapanda pikipiki kuja Kabambare kabla mvua haijaharibu barabara, ili tukae matanga yake, watu waje walie pamoja nasi kama wanavyoliliwa wengine.

Jioni ya leo, ukishapika, mpakulie kama kawaida. Ila usifunike. Nakusihi, Mama, iache wazi.

Unisalimie wote wa nyumbani na akina mama wa kanisani. Goti ulipake mawese ya moto kabla ya kulala.

Ni mimi, mtoto wako aliyebaki,
Dieudonnée