Kadi Nne za Nalasi

Jumatatu, 7 Septemba 1992
Nimepanga mafaili A hadi K. L bado. Wino umekwisha, nimeazima mapokezi. Mzee Ngonyani, mkuu wetu wa masijala hapa hospitali ya Songea, amenicheka tena kwa kuandika kijiji cha mgonjwa badala ya wilaya tu. "Binti, unataka kuwapelekea barua?" Safu ni nyembamba lakini kijiji kinaenea.

Amelazwa Zuhura, miaka kumi na mmoja, rufaa kutoka Nalasi, Tunduru. Mama yake alimbeba mgongoni toka stendi. Mtoto alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Homa hana. Dakta Ndunguru ameandika polio, na alama ya kuuliza.

Jumanne, 8 Septemba
Alama ile imenisumbua. Miguu ya namna hii nimewahi kuiandika. Nimebaki baada ya kazi, nikafungua droo moja moja. Kadi tatu. Mwanamke mmoja, watoto wawili. Wote Nalasi. Wote Septemba na Oktoba mwaka jana. Ghafla, bila homa. Lakini majina ya ugonjwa matatu: polio, kifua kikuu cha mgongo, na kwa yule mwanamke, "wasiwasi". Madaktari watatu, hakuna aliyeona kadi ya mwenzake. Ningeandika "Tunduru" tu, zingezama kati ya mamia.

Jumatano, 9 Septemba
Nimekwenda wodini saa ya kuona wagonjwa. Mama Zuhura anausifu ugali wa hospitali. Tangu wafike, mtoto hajalewa. Nikauliza, kulewa nini? Kumbe kwao wakila hulewa: kichwa kinazunguka, wanatapika. Anayelewa zaidi ni Mwanahawa, mdogo wake Zuhura, miaka mitano. Yuko kijijini kwa bibi yake.

Wanakula muhogo mchungu. Zamani waliuloweka siku nyingi, wakauanika hadi ukauke kabisa. Sasa biashara ni huria, malori ya wanunuzi yanafika mpaka mlangoni, makopa mazuri, yaani muhogo uliokauka, yote yanauzwa. Mahindi yamekufa na jua. Wao wanatwanga muhogo mbichi, wanaanika siku moja, jioni wanasonga.

Ijumaa wanaruhusiwa. Anarudi kupika vilevile. Nimeogopa kwa ajili ya yule mdogo.

Alhamisi, 10 Septemba
Nimempa Dakta kadi zote nne na maelezo ya muhogo, nusu karatasi. Hakutazama. "Karani, niletee mafaili, usiniletee magonjwa." Manesi wakacheka. Masikio yaliniwaka. Nikaziacha mezani kwake, sikuzichukua.

Ijumaa, 11 Septemba
Saa mbili asubuhi Dakta ameingia masijala. Daktari haingii masijala, huita. Mkononi kadi zangu na kitabu chake cha chuo. Nusu ukurasa tu: sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, hukakamaza miguu ghafla. Akasema mbele ya Mzee Ngonyani: "Polio hulegeza miguu, haikakamazi. Nilijua, sikufikiri."

Dawa hakuna. Miguu ya Zuhura haitarudi kama zamani. Ila ambaye bado anatembea anaweza kuokolewa. Dakta amemzuia Mama Zuhura asiondoke leo, tutakwenda wote Nalasi. Nimehuzunika, nimefurahi. Furaha imezidi. Naandika ukweli.

Jumatano, 16 Septemba
Nalasi. Landrova ya hospitali, vumbi tangu Namtumbo. Dakta, mimi, Mama Zuhura na mtoto wake. Mwanahawa alitoka mbio kumpokea mama yake. Mbio! Nilitazama miguu ile, sikuona kingine.

Wanawake walikusanyika. Dakta alipomaliza kuwaeleza, bibi yake Zuhura akanigeukia mimi. "Mla mahindi wa Songea, utatufundisha muhogo?" Wakacheka mpaka wakapigana mabega. Nikasema, "Shikamoo bibi. Sifundishi, nauliza. Ulipokuwa mwali mliloweka siku ngapi?"

Kicheko kikakatika. Akawageukia wakwe zake kwa Kiyao, kwa ukali. Hakuna aliyenitafsiria. Kisha akaenda kwenye magunia ya makopa yaliyosubiri lori, akakata kamba ya moja. "Hili halipandi lori." Jirani yake naye akakata.

Alhamisi, 1 Oktoba
Ripoti imechapwa, nakala inakwenda mkoani. Mstari wa tatu: "Kadi ziliunganishwa na karani Yustina Komba." Nimeusoma mara tano.

Jumapili, 4 Oktoba
Baada ya misa nimempelekea baba nakala kijijini Mpitimbi. Kusoma anajua, lakini amenitaka nimsomee kwa sauti, mara mbili. Ya pili alikuwa amemwita jirani.

Jumamosi, 30 Oktoba 1993
Septemba imepita, Oktoba inaisha. Nimepitia kadi za Nalasi: malaria mbili, mkono uliovunjika, uzazi mmoja. Miguu iliyokakamaa hakuna.

Zuhura alikuja kliniki juzi. Anatembea kwa fimbo, magoti yanagusana, polepole. Mwanahawa alikuwa mbele yake, akimfungulia milango.

Leo nimekuta rejista mpya mezani. Mzee Ngonyani ameipiga mistari mwenyewe kwa rula. Safu ya kijiji ni pana kuliko ya jina. Nimejaza kalamu wino, nikaanza A.