Kabati la Sinki la Mama

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe, shemeji na wapwa wangu. Yule mdogo amepona kikohozi? Huku kwetu tunasukuma siku. Mama anakula, analala na kunikosoa, kwa hiyo ukiniuliza hali yake nitasema ni nzuri. Mimi nimechoka, lakini hilo liache kwanza. Nakuandikia kwa sababu ukipiga simu mama hukaa ubavuni mwangu akisikiliza kila neno.

Uliuliza kabati la sinki limefikia wapi na kwa nini sikutumii picha. Limekwisha. Ila halifanani na ule mchoro wako wenye milango miwili na droo ya vijiko. Upande wa kushoto nimeweka mlango na rafu ya sabuni. Upande wa kulia, chini ya sinki lenyewe, nimeacha wazi kabisa, maana hapo ndipo magoti ya mama yanapoingia. Dada, mama hawezi tena kusimama kwa muda. Anajikokota kutoka kitandani hadi kwenye kiti kwa kushika ukuta, na akisimama kidogo tu miguu inamwisha nguvu. Anapokwambia kwenye simu kwamba ametoka kumwagilia maua, maua hayo nayamwagilia mimi.

Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua utakuja kumchukua akaishi kwenu huko ghorofani, na yeye haondoki kwenye nyumba yake ng'o. Kwake, mtu asiyeosha kikombe chake mwenyewe ni mgeni, na mgeni hupangiwa pa kulala. Basi akaniuliza, mimi si fundi? Nimtengenezee pa kuoshea vyombo akiwa amekaa. Unamjua mama, akishasema haambiliki.

Nikaingia kazini. Nilitafuta sinki la kina kifupi ili lisimkandamize mapaja. Fundi bomba alinuna nilipomwambia bomba la maji machafu lirudi nyuma hadi ukutani. Alisema tangu aanze kazi hajaona bomba likimpisha mtu. Nikamwambia huyu si mtu, ni mama yangu. Akacheka, akakata. Mbao nilizipiga vanishi mara mbili, hata kwenye kingo, maana maji ya jikoni hayana adabu.

Kipimo ndicho kilichotutoa jasho. Nilimkalisha mama kwenye kiti chake nikampima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, naye akanyoosha mgongo kama anayepigwa picha ya pasipoti. Nikaandika, nikakata, nikaunga kwa gundi na skrubu, nikalifunga kabati ukutani. Alipokaa kuosha, mabega yalimpanda hadi masikioni na maji yakamtiririka mikononi mpaka kwapani. Hakulalamika, na mama asipolalamika ujue ameumia kweli. Alijifuta mikono, akaniomba nimrudishe kitandani.

Baada ya hapo hakutaka hata kuliona jiko. Mpaka asubuhi moja nikamkuta anachambua maharage, amejikunja, amejisahau, ananisengenya kwa jirani. Nikapiga goti nyuma yake kimyakimya, nikapima kile kiwiko cha kweli. Nikalifungua kabati, nikalipunguza miguu kwa msumeno, nikalirudisha. Sasa anaosha. Siku ile aliosha hata vyombo vilivyokuwa safi, na sasa nikigusa sufuria ananifokea.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, dada. Ile siku ya kwanza niliona kwamba mama amejinyoosha. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, sidanganywi na mgongo wa mtu. Niliona, na kipimo nikakiandika vilevile, makusudi. Nilitaka kabati limshinde, akubali mwenyewe kwamba hawezi, wewe uje umchukue, mimi nipate kulala. Aliponiomba nimrudishe kitandani nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilijichukia. Sijamwambia. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ni wetu sote na nimeubeba peke yangu. Namwogesha, nampikia, namnyanyua usiku kwenda chooni, na karakana nimeifunga tangu mvua zilipoanza. Hata kumpenda sasa kunanichosha, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Sikuombi uje umchukue. Kabati linamfaa, na nyumba ni yake. Nakuomba uje unipokee. Njoo ukae kidogo, umnyanyue wewe, mimi nikalale mahali ambapo hakuna anayeniita. Ukifika, usimwonyeshe kwamba nilikuandikia. Mwambie umekuja kuona kabati.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama angekusalimu, ila hajui kama kuna barua.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba