Jina Letu Halina Kwao

Girvan, Ayrshire,
Uskoti.
9 Oktoba 1983

Mpendwa dada yangu Elspeth,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo na mvua. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji Colin na watoto, na kwamba huko Invercargill, kusini kabisa mwa dunia, jua limeanza kuwakumbuka. Baba Mdogo Alec anaendeleaje? Kifua kimelegea kidogo? Uliponiandikia kwamba siku hizi hata uji anaukataa, nilikosa raha wiki nzima. Sisi hatujambo, isipokuwa hasira. Mke wangu Jean anasema nikitaja tena jina letu la McGarroch wakati wa chakula atarudi kwao, maana yeye angalau anajua kwao ni wapi.

Elspeth, nimechoka. Nakwambia mapema ili usisome kwa matumaini.

Uliniomba jambo moja tu: nimtafutie Baba Mdogo, baba yako, jibu kabla hajafumba macho. Je, sisi ni Waskoti wa asili, kama alivyoshikilia marehemu baba yangu? Au ni Waayalandi waliovuka maji kuja kuchimba viazi wakabaki, kama alivyosema Baba Mdogo nyumbani kwa Bibi, ule Mwaka Mpya wa 1948? Unajua neno lile lilivyotugawa. Baba yangu alimwambia mdogo wake achukue Uayalandi wake akaishi nao mbali, naye akaenda mbali mpaka ramani ikaisha. Tangu siku ile hawakuandikiana hata kadi ya Krismasi. Sasa mmoja yuko kaburini na mwingine anakataa uji.

Nami sikuanza kazi hii kwa moyo mweupe. Nilitaka baba yangu ashinde.

Vitabu vya kanisa vinatufikisha kwa babu wa babu yetu, naye tayari ni mtu mzima mwenye mke, kana kwamba aliota shambani. Kabla yake, kimya. Vya upande wa Ayalandi, nikaambiwa, vingi viliungua Dublin wakati wa vita vyao. Nikapiga magoti makaburini Colmonell nikisugua mawe kwa brashi ya viatu, hadi mchungaji akaniuliza ni nani aliyeniajiri. Halafu mjini Ayr muuza zawadi akaniuzia kitambaa cha kufutia vyombo chenye nembo ya McGarroch, "ukoo halisi wa Uskoti". Nilikiamini kitambaa kile, dada yangu, nikakitundika sebuleni. Baadaye niliposhuka melini Larne, ng'ambo upande wa Ayalandi, nikakiona chenzake dirishani mwa duka, nembo ile ile, kimeandikwa "ukoo halisi wa Ayalandi". Kidogo nivunje kioo cha watu.

Aliyenifanya nivuke mpaka Larne ni Bi Minnie McGarroch, bikizee wa miaka tisini na sita, hakuolewa, anakaa shambani karibu na Broughshane. Mtoto wa kaka yake, Wesley, alisikia kwamba naulizia ukoo wetu, akanipigia simu: shangazi anataka kuzungumza habari ya jina, lakini hataki mambo ya simu, anataka mtu uso kwa uso. Nikakata tiketi mara moja. Bahari ikachafuka, meli zikasimamishwa siku kadhaa. Nilipofika, mapazia ya nyumba yamefungwa na wanaume wamesimama uani, kofia mkononi. Bi Minnie alikuwa amefariki jana yake.

Nilitaka kulia, wala si kwa ajili yake, Mungu anisamehe.

Wakaniingiza ndani, wakanipa chai na mkate wa nyama. Wesley alikuwa jikoni, kaka yake Samuel sebuleni, na hawasemezani. Akitaka mmoja sukari, inapitishwa na wake zao. Wesley akanishika mkono kwa nguvu.

"Wewe ndiye wa Uskoti? Afadhali umefika, ndugu yangu! Hebu nenda kamwambie yule kichwa maji pale sebuleni kwamba tulitoka kwenu."

Nikaenda. Samuel akanipima kuanzia viatu.

"Huyu katumwa na Wesley. Sikiliza, bwana, sisi tuko hapa tangu enzi na enzi. Nyinyi ndio mliotoka kwetu. Kama una ushahidi, toa."

"Sina," nikamwambia. "Nilikuja kumwuliza shangazi yenu."

"Umwulize shangazi?" Akaweka kikombe chini. "Shangazi alikuwa anakungoja wewe! Kutwa kucha, ngojeni mtu wa Uskoti aje, atatwambia sisi ni nani. Kajipaka mpaka poda."

Elspeth, nilikaa chini. Nilivuka bahari kumwuliza mtu aliyekuwa akiningoja aniulize mimi.

Kesho yake ikawa mazishi. Kule jeneza hubebwa mabegani kutoka mlangoni mpaka barabarani, watu wanne kwa zamu, na zamu ya kwanza ni ya wenye jina. Mnabeba mmekumbatiana mabega, maana bila hivyo linaanguka. Wesley na mwanawe wakashika nyuma. Samuel akasema yeye atangoja zamu nyingine. Msimamizi wa mazishi, mtu asiye na subira, akaninyooshea kidole.

"Wewe si McGarroch? Ingia hapo mbele. Na wewe, Samuel, ingia! Shangazi yako hawezi kungoja mpaka mpatane."

Tukabeba. Mkono wangu begani kwa Samuel, wake begani kwangu. Yeye mrefu, mimi unanijua, kwa hiyo jeneza likaegemea upande wangu, uzito wote ukanilalia mimi. Katikati ya njia akaninong'oneza, bila kugeuza uso:

"Unabeba vizuri, kwa mtu asiyejua kwao."

"Hata wewe," nikamjibu.

Ukitegemea nikwambie kwamba ndugu wale walipatana makaburini, hapana. Waliporudi kila mmoja alikula chumba chake.

Basi jibu ni hili: sijui, na sioni atakayejua tena. Inaniudhi kiasi cha kushindwa kusema. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wazee wetu walitupa miaka yote ile kwa jambo ambalo hata mmoja wao hakulijua.

Msomee Baba Mdogo sehemu hii polepole. Usimdanganye kwamba nimebadilika. Hata leo natamani baba yangu awe ndiye aliyesema kweli. Lakini kama Baba Mdogo ni Mwayalandi, basi aje Mwayalandi, huku hakuna wa kumfukuza tena. Akiweza kupanda ndege, nitampokea mwenyewe. Akitutangulia, mlete, Elspeth, msimwache huko alikokwenda kwa hasira. Katika kaburi la baba imebaki nafasi ya mtu mmoja. Tutawalaza pamoja, wabishane wenyewe mpaka wachoke.

Nisalimie shemeji Colin, na Kirsty na Ewan, na majirani wote wanaokusaidia kumwuguza mzee. Jean anakukumbatia. Mungu awafunike kwa baraka zake, na ampe Baba Mdogo pumzi ya kutosha kusikia haya yote na kunitukana.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kwa dhati,

Tam