Mama Yako Uvunguni mwa Gari

Mume wangu,

Mtoto anaota jino, mimi silali. Zile stabilaiza nene ulizotuma, za kuzuia gari lako la spoti lisilale kwenye kona, zimefungwa. Mama yako, ambaye tangu tumzike baba hakutoka chumbani, aliliona boksi, akachukua spana za marehemu, akaingia uvunguni. Kumbe kule gereji ya baba hakuwa akimpelekea chai tu, alijifunza na kazi!

Alikaza nati zote gari likiwa juu ya jeki, kisha akapiga kelele: "Mkwe, lishushe! Hizi hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Mzee angenicheka!" Akacheka mwenyewe mpaka machozi, akazikaza upya.

Usitume fundi, nimekataa. Leo asubuhi mama kaulizia kama gari la jirani nalo linalala kwenye kona.

Mkeo