Brauni Amerudi Shambani

Jumatatu, 5 Machi
Mume wangu Wattie bado kitandani, mguu uliovunjika umefungwa plasta. Ng'ombe wote hao, na mimi peke yangu. Jana nililala nikilia. Leo asubuhi nimeingia zizini — samadi imetolewa! Maziwa yamekamuliwa, ndoo zimefunikwa. Nani?

Mama mkwe akaacha kufuma. Brauni, akasema. Kile kijitu cha manyoya ya kahawia kilichomfanyia kazi bibi yake humu humu. Nisimshukuru, wala nisimpe nguo. Akipewa nguo, anakwenda zake.

Nimecheka. Kidogo tu.

Jumatano, 7 Machi
Tena! Siagi imeshasukwa. Ailie, binti yangu, anarukaruka na sare yake: "Mama, brauni ni mimi!" Kweli, ndilo jina la kundi lao la wasichana wadogo, wanaofundishwa kusaidia nyumbani. Limetoka kwa kijitu hicho hicho cha mama mkwe. Nikambana: ni wewe? Akaapa siye.

Ameoka keki ya chokoleti, kaiona kwenye jarida la Marekani. Nayo inaitwa brauni! Kwa ajili ya rangi yake ya kahawia, anasema. "Jina la mtu mnalitafuna?" mama mkwe akafoka. Lakini kipande kimoja kakiweka mwenyewe kando ya jiko.

Ijumaa, 9 Machi
Kipande hakipo. Paka? Paka gani anayeosha sahani!

Wattie kanuna. Ni jirani yetu Dod, anasema. Nimpe Dod koti lake yeye Wattie, baridi itamuua. "Utamfukuza!" mama yake akamkemea. "Mama, siwezi kula jasho la mtu bure."

Nimekwenda kwa Dod. Yuko hoi kwa mafua, wiki nzima hajainuka.

Jumamosi, 10 Machi
Theluji. Kazi yote imefanyika — na uani hakuna wayo hata mmoja, wa kuja wala wa kwenda. Nimejikuta nimevua kitambaa kichwani, kwa heshima.

Nikaona koti la Wattie. Kumbe jana jioni alimtuma Ailie alipeleke zizini! Lakini limekunjwa vizuri juu ya ndoo, na mfuko uliochanika umeshonwa kwa uzi wa sufu ya kahawia. Mishono midogo mno. Mimi sishoni hivyo. Mama mkwe macho hayamruhusu tena.

"Amelikataa," mama mkwe akanong'ona. Machozi tele. "Hajaondoka."

Wattie kalivaa, anapapasa mshono. "Elspet, nipe mkongojo. Nikamwambie —"

"Umwambie nini? Hashukuriwi!" nikamkatiza.

Kasimama mlangoni kwa mguu mmoja, kofia mkononi, anatazama zizi. Mpaka sasa.