Mwepesi wa Kuumia

Ghorofa ya pili, juu ya kinyozi,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu. Hujambo huko kwenye baridi, na kile kifua kimetulia? Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake mzima kabisa.

Bomba la jikoni limetengenezwa, hatimaye.

Sasa habari za mdogo wetu. Unakijua kigugumizi chake. Shemeji, mumewe, alizoea kumwigiza mbele ya wateja pale saluni mdogo wetu anaposuka nywele, watu wakacheka. Akilalamika, anajibiwa kwa Kiingereza: "You're too sensitive." Akinuna, anaitwa "drama queen", eti mtu wa vituko. Juzijuzi aliacha mteja kasukwa nusu kichwa, akaja kwangu na begi.

Hakulia. Aliacha tu kuzungumza, na hilo ndilo lililonitisha.

Jana shemeji akaja kumfuata. Akaketi, akaanza kumweleza Mama kwamba mkewe ana tatizo moja tu, ni too sensitive.

"Kwa Kiswahili ndiyo nini, baba?" Mama akamuuliza.

Akajikuna kichwa. "Yaani... mwepesi wa kuumia."

"Kumbe unajua anaumia," Mama akasema. "Sasa mbona unarudia?"

Ndipo mdogo wetu akatoka chumbani, akasimama mlangoni. "Ni-nikisema, u-usinimalizie."

Akayasema yote: vicheko, wateja, jinsi anavyoogopa hata kuitikia hodi. Maneno yalikwama, yakatoka, yakakwama tena. Mara moja shemeji alitaka kumtolea neno, akajiuma mdomo. Chai ilipoa. Alipomaliza, shemeji alisema taratibu, "Nimekukosea, mke wangu." Kiingereza hakikuonekana.

Mdogo wetu hakurudi naye. Amemwambia aende kwanza saluni akamwombe radhi mbele ya wateja wale wale aliowachekesha, kisha watazungumza. Shemeji amekubali. Tutaona, kukubali si kutenda. Nakuomba usimpigie simu kumfokea, maana nakujua hasira zako. Mwache abebe mzigo wake.

Mdogo wetu yeye tangu asubuhi anaongea tu, kigugumizi na vyote, anatusimulia habari za wateja wake mpaka mbavu zinauma. Mama amemwomba apumzike kidogo, amekataa.

Msalimie wifi, uwabusu mapacha. Mungu akulinde uendako na urudipo.

Nikupendaye daima,
Dada yako wa katikati.